Kazi Yetu ni Kutafuta

Sehemu kubwa ya kazi yangu ya kutengeneza programu ni kutafuta. Kuandika kwenyewe ni sehemu ndogo. Natafuta faili lenye kosa, natafuta mstari uliobadilishwa na mtu aliyekwisha kuhama kazi, natafuta sababu ya kitufe kukubali kwenye kompyuta yangu na kugoma kwenye simu ya mtumiaji. Kwa miaka yote niliyoandika msimbo wa tovuti nimeona zana nyingi zikija kwa shangwe na kutoweka, lakini kipimo changu kwazo kimebaki kilekile: je, zana hii inaniachia njia ya kujua kwa nini? Kivinjari nakipima hapo. Injini ya utafutaji naipima hapo. Hata majina ninayovipa vitu ndani ya msimbo nayapima hapo. Kinachonipa jibu huku kikinificha limetoka wapi, nakitumia kwa tahadhari au nakiacha kabisa.

Nianze na vivinjari, maana huko ndiko msimbo wangu unakokutana na watu. Kivinjari cha kwanza, alichokiandika Tim Berners-Lee pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, mwaka 1990, kiliweza kuonyesha ukurasa na pia kuuhariri. Uwezo wa kuhariri haukuendelea kwenye vivinjari vilivyopata umaarufu baadaye, lakini urithi mmoja mkubwa ulibaki: ukitaka kujua ukurasa umeandikwaje, unakiomba kivinjari kikuonyeshe chanzo chake, nacho kinakuonyesha. Wengi wetu tuliingia katika kazi hii kwa mlango huo. Tulifungua kurasa za watu tusiowajua, tukasoma walivyopanga jedwali au menyu, tukabadilisha namba moja na kuangalia kinachotokea.

Siku hizi nikifungua chanzo cha kurasa nyingi nakuta mstari mmoja mrefu usio na pumzi, majina yote yamekatwa yakabaki herufi mojamoja. Sababu yake naielewa, kwa kuwa faili lililobanwa ni jepesi na hufika haraka. Lakini msimbo uliobanwa unaweza kwenda pamoja na ramani ya chanzo, faili linaloiambia zana ya kukagua kwamba herufi hii hapa ilikuwa jina lile kule. Katika kila mradi ambao kauli yangu inasikika, ramani hiyo naipigania itunzwe, angalau kwa ajili ya timu yenyewe. Kosa linaloripotiwa na mtumiaji likionyesha kwamba limetokea kwenye mstari wa kwanza, herufi ya elfu themanini, halimsaidii mtu yeyote.

Zana za ukaguzi zilizomo ndani ya vivinjari ndizo zilizobadilisha kazi hii kuliko lugha yoyote au maktaba yoyote (msimbo ulioandikwa na wengine ili tuutumie). Firebug ilipotoka mwaka 2006 kama kiendelezi cha Firefox, ghafla tuliweza kusimamisha JavaScript, lugha inayoendesha vitendo vya ukurasa, katikati ya safari yake, kuona kila ombi lililotumwa kwa seva, na kubadilisha mwonekano wa ukurasa ukiwa mbele yetu. Kabla ya hapo tulikuwa tunapachika visanduku vya ujumbe kila kona ya msimbo ili tujue umefika wapi. Leo kila kivinjari kikubwa kina zana hizo, na bado nakutana na vijana wenye uwezo ambao wanazifungua kusoma maandishi mekundu tu. Ninachowaonyesha kwanza ni sehemu ya mtandao. Hapo unaona ombi lilivyoondoka, vichwa vyake, jibu lililorudi na muda uliotumika. Ubishi wa nusu siku kati ya watu wa seva na watu wa kurasa huweza kwisha kwa kutazama ombi moja.

Kuna mstari mwingine ambao ningependa kila mtengeneza tovuti ausome angalau mara moja: ule ambao kivinjari hujitambulishia kwa seva. Chrome hujitambulisha kwa kusema kwamba ni Mozilla/5.0, kisha inataja AppleWebKit, kisha KHTML, kisha inaongeza kwamba inafanana na Gecko, ndipo inajitaja yenyewe, na mwishoni inasema ni Safari. Kila jina katika mlolongo huo lina historia. Mozilla lilikuwa jina la ndani la kivinjari cha Netscape, na seva za katikati ya miaka ya 1990 zilianza kutuma kurasa nzuri zaidi kwa kivinjari kilichojitambulisha hivyo. Internet Explorer ikalitumia jina hilo ili isinyimwe kurasa. Wengine wakafuata, kila mmoja akiongeza jina la aliyemtangulia. Waliosababisha haya yote ni watu wa upande wetu, waandishi wa tovuti, tulioamua kuuliza "wewe ni nani?" badala ya kuuliza "unaweza kufanya nini?"

Ndiyo maana nikiona msimbo unaosoma jina la kivinjari ili uamue la kufanya, naurudisha kwa aliyeuandika. CSS, lugha ya mwonekano wa kurasa, ina sharti la @supports linalouliza kama kivinjari kinafahamu sifa fulani. Katika JavaScript unaweza kuangalia kama kitu unachokihitaji kipo kabla ya kukiita. Ukiuliza hivyo, kivinjari kitakachotoka miaka mitano ijayo kitajibu vizuri hata kama leo hukijui.

Injini zinazochora kurasa zilizobaki na watumiaji wengi ni tatu: Blink ya Google, WebKit ya Apple na Gecko ya Mozilla. Blink yenyewe ilichipuka kutoka WebKit mwaka 2013, na WebKit ilitokana na KHTML ya mradi wa KDE. Mwaka huohuo wa 2013 Opera iliachana na injini yake, Presto. Microsoft nayo ikaiacha ya kwake, na toleo la Edge lililojengwa juu ya Chromium, msimbo huria ulio msingi wa Chrome, likatoka Januari 2020. Mtu anayefungua Edge, Opera, Brave au Vivaldi anatumia injini ileile iliyomo ndani ya Chrome. Kwenye iPhone ilikuwa kinyume chake: hadi Machi 2024, Apple iliporuhusu injini nyingine ndani ya Umoja wa Ulaya, kila kivinjari cha simu hiyo kililazimika kutumia WebKit, hata kama nembo yake ilikuwa ya Chrome au Firefox.

Nina sababu ya kulitilia mkazo hili. Internet Explorer 6 ilitoka mwaka 2001, ikateka karibu soko zima, na mrithi wake hakutoka hadi mwaka 2006. Katika miaka hiyo tovuti nyingi ziliandikwa kwa kufuata tabia za kivinjari kimoja, na mifumo ya ndani ya makampuni ikabaki imefungwa humo kwa miaka mingi baadaye. Microsoft ilikuja kukistaafisha Internet Explorer rasmi Juni 2022. Kisha tukayarudia yaleyale kwa sura nyingine. Waandishi wa kurasa za simu walitumia sifa za CSS zenye kiambishi cha -webkit- peke yake, kiasi kwamba Firefox ililazimika mwaka 2016 kuanza kukubali sehemu ya viambishi hivyo ili kurasa zisivunjike mikononi mwa watumiaji wake. Injini moja ikitawala, kasoro zake zinageuka kuwa kanuni.

Kwa hiyo kivinjari changu cha kila siku ni Firefox, na kurasa zangu nazijenga kwanza humo. Chrome na Safari nazifungua baadaye, kabla ya kumkabidhi mtu kazi. Mpangilio huu unanilazimisha kutambua mapema pale ninapotegemea tabia ya injini moja badala ya kiwango kilichoandikwa. Wapo wenzangu wanaoona kwamba napoteza muda kwa ajili ya kivinjari chenye watumiaji wachache. Mimi naona faida yake kila mara hitilafu inapojitokeza kwenye injini moja na kukosekana kwenye nyingine, kwa sababu tofauti hiyo ni fununu tayari.

Mfano ninaoukumbuka vizuri ni wa mfumo wa miadi tulioupokea kutoka kwa timu nyingine. Watumiaji wa iPhone walilalamika kwamba kalenda yao ni tupu. Kwenye Chrome ya kompyuta kila kitu kilionekana. Tulipofuatilia tukakuta seva inatuma muda kwa umbo la 2017-03-05 14:00:00, pakiwa na nafasi kati ya tarehe na saa, na msimbo wa ukurasa unaipa JavaScript maandishi hayo moja kwa moja iyageuze kuwa tarehe. Kiwango cha JavaScript kinaeleza umbo lenye herufi T mahali pa ile nafasi. Maumbo mengine yameachiwa kila injini iamue yenyewe. Chrome iliamua kukubali, Safari ya wakati ule ikaamua kukataa, na hakuna iliyovunja kanuni. Anayejaribu kwenye injini moja hawezi kulijua hilo milele.

Chini ya kosa hilo palikuwa na jingine la hatari zaidi. Tarehe iliyoandikwa peke yake, kama 2017-03-05, JavaScript huihesabu kuwa saa sita usiku kwa saa za UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia. Ukiongeza T14:00:00 bila kutaja kanda ya saa, inahesabiwa kwa saa za mahali alipo mtumiaji. Kwa hiyo mtu aliye magharibi ya Greenwich anaweza kuweka miadi ya tarehe 5 na kuonyeshwa tarehe 4. Hili halitoi ujumbe wowote wa hitilafu. Ukurasa unapendeza na mgonjwa au mteja anafika siku isiyo yake. Tangu hapo nikipitia msimbo wa mwenzangu, kila mahali maandishi yanapogeuzwa kuwa tarehe nasimama na kuuliza yametoka wapi na yako kwenye kanda gani.

Suala la vidakuzi nalo limegawanya vivinjari, na anayeandika programu lazima alijue. Kidakuzi, data ndogo ambayo tovuti huiweka ndani ya kivinjari, kilibuniwa na Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994 ili tovuti iweze kumkumbuka mtu kati ya ukurasa na ukurasa. Kilivyotumiwa baadaye na watangazaji kumfuata mtu kutoka tovuti hadi tovuti ni habari inayojulikana. Safari ilizuia kabisa vidakuzi vya watu wa tatu, yaani vya tovuti nyingine isiyo ile uliyoifungua, kuanzia Machi 2020. Firefox ikavitenga kwa kila tovuti kwa watumiaji wote mwaka 2022. Google ilitangaza Januari 2020 kwamba Chrome itaviondoa, ikaahirisha, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo. Ukiwa na mfumo wa kuingia uliopachikwa ndani ya ukurasa wa tovuti nyingine, na ukaujaribu kwenye Chrome tu, utaapa kwamba unafanya kazi, huku sehemu kubwa ya watu wako ikizungushwa kwenye fomu ya nywila bila mwisho.

Kizuia matangazo nakihesabu kuwa kifaa cha usalama, na sioni haya kusema hivyo mbele ya watu wanaoishi kwa matangazo. Matangazo ya mtandaoni huleta msimbo wa mtu usiyemjua kwenye kompyuta yako, na mara kadhaa wahalifu wamepitia humo. Chrome ilipobadilisha kanuni zake za viendelezi na kizuia matangazo cha uBlock Origin cha awali kikashindwa kuendelea humo, kwangu mjadala wa kivinjari kipi cha kumwekea mama mzazi ulikwisha. Huku nikiwa na furaha kwamba injini mpya zinajengwa: Servo, iliyoanzia Mozilla na sasa iko chini ya Linux Foundation Europe, na Ladybird, iliyoanzishwa na Andreas Kling na inayoandikwa tangu mwanzo bila kuazima injini ya mtu. Hazijafika mahali pa kutumiwa na kila mtu, lakini zimethibitisha kwamba viwango vya mtandao bado vinaweza kusomwa na kutekelezwa na watu wapya.

Nikija kwenye utafutaji wenyewe, nina ngazi ninayoifuata, nami huanzia karibu. Jibu la kwanza nalitafuta ndani ya mradi nilio nao. Ken Thompson aliandika grep, zana ya kutafuta maandishi ndani ya mafaili, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo sijaona zana inayonilipa zaidi kwa herufi nne. Siku hizi natumia ripgrep, ambayo ni ya haraka sana na kwa kawaida huruka mafaili yaliyoorodheshwa kwamba Git, programu inayotunza historia ya msimbo, isiyatunze, kwa hiyo sizami kwenye maelfu ya mistari ya maktaba za watu. Ujumbe wa hitilafu ukitokea kwenye skrini, naunakili, nautafuta ndani ya mradi, na mara nyingi nafika kwenye mstari ulioutoa kabla mwenzangu hajamaliza kufungua injini ya utafutaji.

Nisipolipata humo, naingia kwenye msimbo wa maktaba tunayoitumia. Watu wengi huogopa kufanya hivi, kana kwamba folda hiyo ni ya wakubwa. Ni faili kama mafaili mengine. Nimepata humo majibu ambayo hayakuandikwa kwenye maelezo yoyote, ikiwemo maoni ya mwandishi akieleza kwa nini aliamua vile. Baada ya hapo ndipo naenda kwenye nyaraka rasmi: MDN, tovuti ya maelezo ya teknolojia za mtandao, kwa mambo ya kurasa, na kiwango chenyewe pale MDN inaponiachia shaka. Kwenye Firefox nimeweka neno fupi la kuitafuta MDN, nikiliandika kwenye upau wa anwani pamoja na swali langu nafika moja kwa moja bila kupita kwa mtu wa kati. Mpangilio huo unachukua dakika moja, na kila ninayemwonyesha huuliza kwa nini hakuambiwa mapema.

Injini ya utafutaji ya mtandao mzima inakuja baada ya hayo, na imani yangu kwayo imepungua. Larry Page na Sergey Brin, katika makala yao ya mwaka 1998 iliyoeleza mfumo wa Google, waliandika wazi kwamba injini ya utafutaji inayoendeshwa kwa fedha za matangazo itaelemea upande wa watangazaji na kuwapa kisogo watafutaji. Tumeishi kuyaona hayo. Agosti 2024 jaji wa shirikisho nchini Marekani, Amit Mehta, aliamua kwamba Google ilikuwa imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na katika kesi hiyo ilijulikana kwamba mwaka 2022 peke yake iliilipa Apple dola bilioni 20 ili ibaki chaguo la kwanza ndani ya Safari. Watu wengi hawakuchagua injini wanayoitumia, waliikuta. Kubadilisha jina la injini nako hakumaanishi kila mara kubadilisha matokeo, kwa kuwa DuckDuckGo, ninayoitumia mimi, hupata sehemu kubwa ya viungo vyake kutoka Bing ya Microsoft. Wenye faharasa zao wenyewe za mtandao mzima ni wachache sana.

Pamoja na hayo, anayejua kuuliza bado hupata. Ujumbe wa hitilafu nauweka ndani ya alama za kunukuu, lakini kwanza naondoa yale yanayonihusu mimi tu: jina la folda yangu, namba ya mtumiaji, saa. Naongeza namba ya toleo la maktaba. Neno linaloniletea takataka nalitangulizia alama ya kutoa. Nikifika kwenye jibu, jicho langu la kwanza linatafuta tarehe. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, imekuwepo tangu 2008, na jibu lenye kura nyingi kuliko yote linaweza kuwa la zama ambazo kila tatizo lilitatuliwa kwa jQuery, maktaba ya zamani ya JavaScript. Chini yake, lenye kura chache, ndilo linalolingana na vivinjari vya leo. Kiungo kikiwa kimekufa, naenda kwenye hifadhi ya Internet Archive, ambayo Brewster Kahle aliianza mwaka 1996. Imeniokoa zaidi tangu Google ilipoondoa viungo vya nakala zake za kurasa mwaka 2024.

Modeli za akili bandia nazitumia, nami siwalaumu wanaozitumia. Zinanisaidia hasa pale nisipojua neno la kutafutia: naeleza tatizo kwa maneno yangu, zinanitajia jina la jambo, nami nalichukua jina hilo kwenda nalo kwenye nyaraka. Kwa kazi hiyo ni nzuri kweli. Kinachonikera ni jibu linalokuja limekamilika, lina sauti ya uhakika, na halina asili. Imeshaonekana modeli zikipendekeza vifurushi vya programu visivyokuwepo, na mwovu anaweza kukisajili kifurushi kwa jina hilohilo akamsubiri atakayekisakinisha. Kwenye timu yangu tumekubaliana: maktaba mpya haiingii hadi mtu ameufungua ukurasa wake, ameona nani anaitunza, na amesoma angalau sehemu ya msimbo wake. Haijalishi imependekezwa na modeli au na rafiki.

Tahadhari hiyo haikuanza na modeli. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kwenye npm, hazina ya vifurushi vya JavaScript, kifurushi kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 ya kuongeza nafasi mbele ya maandishi, na miradi mingi mikubwa ikashindwa kujengwa siku hiyo. Machi 2024 likaja la kutisha zaidi: mlango wa siri ndani ya xz, maktaba ya kubana data inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Aliyeugundua, Andres Freund, alikuwa akipima kasi ya kitu kingine kabisa akaona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Angeweza kuipuuza nusu sekunde hiyo. Aliifuatilia hadi mwisho, na aliweza kuifuatilia kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na zana za kuupima zilikuwepo. Nikiulizwa kwa nini nashikilia chanzo huria, tukio hilo ndilo ninalolitaja kwanza.

Kama kazi yetu ni kutafuta, basi anayeandika ana wajibu kwa atakayetafuta. Hapo ndipo maoni yangu kuhusu uandishi wa msimbo yanapoanzia, na baadhi yake hayapendwi. Sipendi jina linaloundwa kwa kuunganisha vipande wakati programu inaendeshwa, mfano "malipo_" ikiongezwa aina ya malipo ili kupata jina la fanksheni. Ni ufupi wa mistari mitatu unaomnyima mtu wa kesho uwezo wa kuandika malipo_kadi kwenye ripgrep na kufika. Afadhali orodha ndefu iliyoandikwa wazi. Kitu kimoja kibaki na jina moja kuanzia kwenye hifadhidata hadi kwenye skrini. Kikiitwa mteja huku, mtumiaji kule na akaunti pale, kila anayetafuta atatafuta mara tatu na bado ataacha kimojawapo. Ujumbe wa hitilafu usifanane na mwingine wowote katika mradi. "Kuna tatizo, jaribu tena" ukitumika sehemu arobaini, hauelekezi popote. Msimbo uliokufa ufutwe, usigeuzwe kuwa maoni, Git inaukumbuka.

Kwenye kurasa zenyewe nashikilia HTML (lugha inayopanga maudhui ya ukurasa) iliyo sahihi kabla ya chochote. Kitufe kiwe kitufe, si kisanduku kilichovalishwa rangi. Kitufe halisi hufikiwa kwa kibodi na hutambuliwa na kisoma skrini anachotumia mtu asiyeona, bila wewe kuandika mstari wa ziada. Fomu iweze kutumwa hata JavaScript isipofika. Wanaobisha husema hakuna anayezima JavaScript siku hizi. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi hakuna aliyeizima. Mtandao ulikatika katikati, au faili moja lilikwama, na mtu amebaki na ukurasa mweupe.

Kosa likipatikana, kabla ya kulirekebisha naandika jaribio linalolionyesha, nalihakikisha linashindwa, ndipo naugusa msimbo. Kosa lililojipenyeza zamani bila mtu kujua lini, naiachia git bisect, amri ya Git inayolisaka badiliko lililoleta kosa. Naipa toleo moja zima na toleo moja bovu, inanipeleka katikati, naiambia zima au bovu, inagawa tena. Mabadiliko 1,000 yanahitaji majaribio kama 10 tu. Zana hii inadai nidhamu moja: kila badiliko liwe dogo na liweze kuendeshwa peke yake. Timu inayorundika kazi ya wiki nzima kwenye badiliko moja inafika mwisho wa bisect na kukuta mafaili sitini yote yakishukiwa.

Jambo ninalolipigania kuliko yote ni ujumbe unaoambatana na kila badiliko. Katika mradi mmoja palikuwa na mstari uliosubiri sekunde tatu kabla ya kutuma ombi la malipo. Hakuna aliyejua ulikusudiwa nini. Kijana mmoja alitaka kuufuta ili ukurasa uwe mwepesi, na kwa kuutazama tu alikuwa na hoja. Nilimwomba kwanza aendeshe git log -S pamoja na jina la fanksheni ile, amri inayorudisha kila badiliko lililoongeza au kuondoa maandishi hayo. Akafika kwenye badiliko la miaka kadhaa nyuma, na chini yake ujumbe wa aya mbili: huduma ya malipo ya upande wa pili ilikuwa inakataa maombi mawili ya akaunti moja yakikaribiana sana, ilikuwa inakata fedha mara mbili kabla ya kukataa, na mwandishi alikuwa ameweka kiungo cha mazungumzo yake na mafundi wao. Tuliwaandikia mafundi hao kuuliza kama kikomo bado kipo. Wakajibu kwamba mfumo ule ulishabadilishwa na maombi yanayojirudia sasa yanatambuliwa kwa namba maalumu ya kila muamala. Kijana akaiongeza namba hiyo, akaandika jaribio la kutuma ombi lilelile mara mbili, akaufuta mstari wa kusubiri, na kwenye ujumbe wa badiliko lake akaeleza kikomo kilikuwa nini, kiliondolewa lini, na barua gani inathibitisha.